Salamu za Mwaka Mpya Zenye Nyuso Tatu

Anaclet Lombe alikuwa mkurugenzi anayechapisha barua pepe kwenye karatasi. Msicheke kwanza. Kila ujumbe uliotoka katika kampuni yake ulipaswa kuchapishwa, kuingizwa katika jalada la kijani, kuletwa mezani kwake, kusomwa kwa kalamu nyekundu, kutiwa saini na kugongwa muhuri wa duara. Hapo ndipo mtu wa chini aliporuhusiwa kubofya na kuutuma. Ukishatumwa, karatasi ilikabidhiwa mzee Précieux, mpeleka barua wa ofisi, naye akapanda pikipiki kuwapelekea walewale walioandikiwa, ili wagonge muhuri wa kupokea pembeni na kumrudishia nakala. Kwa hiyo wateja wakubwa walipata barua moja mara mbili, ya umeme na ya pikipiki, na Lombe aliiamini ile ya pikipiki.

Kampuni yenyewe ilikuwa ghorofani katikati ya mji wa Lubumbashi, juu ya duka la vipuri, na kazi yake ilikuwa kupeleka wapishi, wafagiaji na walinzi kwenye migodi. Katika kona iliyo karibu na choo alikaa Abigaïl Mbuyi. Yeye ndiye aliyetengeneza barua pepe zote zenye sura: taarifa ya kila mwezi kwa wateja, salamu za Pasaka, za sikukuu ya uhuru, na hasa zile za mwaka mpya, ambazo ofisini huitwa vœux. Alizitengeneza miaka mitatu akiwa kwenye majaribio. Majaribio ya miaka mitatu! Mtu anaoa, anazaa, mtoto anaanza kuongea, na Abigaïl bado anajaribiwa.

Kila Desemba alipouliza habari ya mkataba, Lombe alimjibu kwa sauti ya baba mzazi: "Kisha vœux, ma fille. Kisha vœux tutaona," yaani baada ya salamu hizo.  Vœux zilipita, na Lombe hakuona kitu. Bila mkataba Abigaïl hakuwa na kadi ya matibabu, wala likizo, wala haki ya kuambiwa kwa nini siku akifukuzwa. Asubuhi yoyote wangeweza kumwambia asirudi, na asingekuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Baba yake, mwalimu aliyekuja kutoka Kasai akiwa kijana, alimlea katika mtaa wa Katuba kwa kumsomesha na kumkaripia mwandiko. Baba alipofariki, Abigaïl aliingia kwenye kibanda cha uchapaji karibu na soko, akakaa huko miaka kumi na mmoja akipanga kadi za harusi, matangazo ya misiba na ratiba za kwaya. Huko ndiko alikojifunza kwamba herufi zina adabu zake. Za harusi zina mikia na hujipinda. Za msiba husimama wima bila mapambo. Mtu akileta maneno ya mazishi na kudai yaandikwe kwa herufi za harusi kwa kuwa zinapendeza, unamkatalia kwa upole mpaka aelewe. Jicho lake lilikuwa kali kwa mambo hayo. Akipita njiani na kuona kibao cha duka chenye herufi za aina nne, aliudhika kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Barua pepe zilimtesa mwanzoni, na hakuna aliyemfundisha. Karatasi ikishatoka kwenye mashine imetoka. Herufi ulizoziweka ndizo mtu atakazoziona. Barua pepe haisafiri na herufi zake. Inasafiri na maneno, pamoja na majina ya herufi unazozitaka, na kompyuta ya mpokeaji inaangalia kama inazo. Kama haina, inayavalisha maneno yako chochote ilicho nacho. Tena kila programu ya barua ina jeuri yake. Nyingine hutupa maagizo ya herufi yaliyoandikwa juu ya barua, hivyo Abigaïl aliyarudia ndani ya kila chumba cha jedwali linaloishika barua, kimoja kimoja, kama mtu anayewaambia watoto kumi neno lile lile. Outlook, ambayo baadhi ya wateja wanaipenda, ukiitajia kwanza herufi za kupakuliwa mtandaoni isizozijua, haijisumbui kusoma jina la pili wala la tatu. Inakimbilia Times, herufi za magazeti ya zamani, na barua yako inafika na sura ya tangazo la mahakama. Hiyo aliiandikia mstari wake peke yake, unaosomwa na Outlook tu.

Mwishowe alichagua Arial, herufi ambazo hazimshangazi mtu na ambazo karibu kila mashine inazo au ina ndugu zake. Na hakutuma kitu kabla ya kukijaribu. Alijitumia barua kwenye anwani nne, akaifungua kwenye kompyuta kuukuu ya keshia, kwenye Outlook ya mhasibu, kwenye simu ya mzee Précieux yenye kioo kilichopasuka. Kama mstari mmoja ulitoka mnene mahali pamoja, alirudi mezani kwake akaanza upya.

Hivyo kwa miaka mitatu barua za Lombe zilifika kwa watu wote na sura moja, safi, na hakuna aliyesema neno. Kazi hii ina balaa hilo. Ukiifanya vizuri haionekani, maana hakuna mteja anayepiga simu kusema, asanteni, herufi zenu zimefika salama.

Desemba ya mwaka wa tatu, Lombe alikwenda kwenye harusi ya binti wa mkubwa mmoja, na Jumatatu akaingia ofisini ameshika kadi ya mwaliko kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba ekaristi. Kadi ilikuwa na herufi za dhahabu zenye mikia mirefu, kila moja ikimkumbatia mwenzake.

"Abi, unaona hii?" alisema, akigusa herufi zile. "Njo vile minataka. Vœux ya mwaka huu itoke na hii écriture."

"Papa Directeur, hii iko muzuri ku papier," alisema Abigaïl. "Mu mail haitafika vile. Machine ya muntu kama haina hii écriture, itavaa ingine yenye iko nayo."

"Juu ya nini isikuwe nayo? Bale bantu ba mine, bale ba mugodi, machine yabo ni ya bei."

"Haiko juu ya bei, Papa. Hata ya bei haina."

Lombe alimtazama kwa huruma ile ambayo watu wa kiti cha kuzunguka huwatazamia watu wa kiti cha plastiki. Hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa aliona kwamba anayeeleza ndiye asiyejua. Abigaïl alikuja na njia: kichwa cha barua, yaani jina la kampuni na maneno ya heri, akichore kwa herufi za harusi na kukiweka kama picha, na nyuma ya picha aandike maneno yale yale kwa ajili ya watu ambao kompyuta zao hufungia picha, maneno mengine yote yabaki Arial. Kila mtu angeona kitu kile kile. Alikaa nayo siku mbili, akaijaribu kila mahali, akaichapisha, akaiingiza katika jalada la kijani. Lombe aliifungua, akaona herufi za harusi juu tu na si katika ukurasa mzima, akaisukuma pembeni. "Mi nilisema yote," akamwambia.

Hapo ndipo alipoingia Dan.

Dan alikuwa shemeji wa Lombe, mdogo wa mkewe, mwenye miaka ishirini na saba, aliyerudi kutoka Johannesburg na kompyuta ya Mac, miwani isiyo na kazi, na neno moja la Kifaransa alilolipenda kuliko yote: simple, yaani rahisi. Kila kitu kwake kilikuwa simple. Lombe alimtambulisha ofisini kwa jina la Expert. Hakuna aliyeuliza ni expert wa nini, na yeye mwenyewe hakutaka kuwasumbua watu kwa kulitaja. Alipoonyeshwa kadi ya harusi, alicheka kidogo puani, akakaa na Mac yake alasiri moja, na herufi za mikia zikatoka ukurasa mzima, kuanzia maneno ya heri hadi namba ya simu.

Alichokifanya kilikuwa hiki. Aliandika jina la herufi za harusi alizozipakua mwenyewe kwenye Mac yake, na nyuma ya jina hilo akaongeza neno moja, cursive, ambalo maana yake ni: mashine isiyo na hizi ichague zake zenye kufanana na mwandiko wa mkono. Basi. Aliiachia kila mashine duniani ichague ladha yake, akaenda kunywa soda.

Kwenye Mac yake zilipendeza. Alimtumia Lombe kwenye iPhone yake, na humo, ingawa herufi zenyewe hazikuwemo, simu ilichagua nyingine za mikia, nazo zikapendeza. Lombe aliita wafanyakazi wote chumbani kwake waone. Walisimama mstari, wakapokezana simu ya mkurugenzi, wakapiga makofi. Kisha Lombe akakohoa, akatangaza kwamba kuanzia Januari Dan atakuwa mkuu wa mawasiliano.

"Na Maman Abi atakuwa anamusaidia," akamaliza.

"Na contrat yangu, Papa Directeur?" aliuliza Abigaïl mbele ya watu wote. Hakuwa amepanga kuuliza, maneno yalimtoka.

"Kisha vœux, ma fille."

Watu walitazama sakafu. Abigaïl alirudi kwenye kona yake, masikio yanamwaka, na kwa mazoea tu akaenda kufungua barua ya Dan kwenye kompyuta ya keshia. Alipoiona alikaa chini.

Zilikuwa herufi za shule ya maternelle, ya chekechea. Zile za mviringo, nono, zinazoandikwa ukutani chini ya picha ya bata: b ya bata, m ya mupira. Windows, ilipoambiwa ichague mwandiko wa mkono, ilichagua huo. Na kwa herufi hizo za bata, Uongozi Mkuu wa kampuni ya Lombe, katika kizingiti cha mwaka mpya, uliwatakia washirika wake waheshimiwa afya, ustawi na mafanikio ya kudumu. Alihamia kwenye Outlook ya mhasibu: Times, tangazo la mahakama. Akaomba simu ya mzee Précieux: mikia, lakini mikia mingine, si ya Mac wala ya iPhone. Barua moja ilikuwa na sura ya harusi kwa wenye simu, ya mahakama kwa wenye Outlook, na ya watoto wa miaka minne kwa wote waliobaki. Abigaïl alicheka peke yake mpaka keshia akamuuliza kama yuko mzima.

Asubuhi ya tarehe tano Januari, barua ilikuwa tayari katika jalada la kijani, imechapishwa kutoka kwenye Mac, imetiwa saini, imegongwa muhuri. Waliokuwa wanaingojea ni watu mia sita na kumi. Abigaïl aliichukua, akagonga mlango wa mkurugenzi. Dan alikuwa ndani, amekalia pembe ya meza.

"Papa Directeur, mbele ya kutuma, shuka uone ku machine ya caisse, ile ya keshia. Haitoki vile."

"Machine ya caisse ni ya zamani," alisema Lombe bila kuinua macho.

"Njo sawa ya bantu ba mine. Bao habako na Mac."

"Yaya Abi," alisema Dan, akimwita dada mkubwa na kutabasamu kwa upole wa mtu anayemsaidia kikongwe kuvuka barabara, "weye ulizoea faire-part ya kilio, ile tangazo ya musiba. Hii ni digital. C'est simple. Kwangu iko bien."

"Kwako iko bien. Weye njo utajitumia mukanda, hii barua?"

Lombe aliweka kalamu chini. Aliinua karatasi, akagonga muhuri wake kwa ukucha. "Unaona hii? Hii papier iko na cachet. Kintu yenye iko na cachet haibadilike. Tuma vile iko."

Mnaomjua Abigaïl mngedhani angefanya alivyofanya zamani. Mara mbili kabla ya siku hiyo Lombe alikuwa amegonga muhuri upuuzi, na mara mbili Abigaïl aliurekebisha kimyakimya kabla ya kutuma. Malipo yake yalikuwa kutukanwa, kwa kuwa kilichotumwa hakikufanana na karatasi. Safari hii alisimama palepale.

"Basi andika hapo, Papa. Andika kama nitume vile iko."

Lombe, ambaye hajawahi kukataa nafasi ya kuandika kitu juu ya karatasi, aliandika kwa kalamu nyekundu: itumwe kama ilivyo. Akatia saini, akagonga muhuri wa pili juu yake, ukalia mezani. Abigaïl alitoka, akapiga picha ya karatasi kwa simu yake, akampa mzee Précieux nakala zake za pikipiki, akakaa. Barua yake mwenyewe, ile yenye kichwa cha picha, ilikuwa palepale kwenye skrini, imejaribiwa, iko tayari. Aliitazama. Kisha akachagua ya Dan, akabofya. Na tuseme kweli, alibofya kwa raha, raha chafu, kama ya mtu anayemwona jirani mwenye maringo akielekea kwenye tope na kuamua kufunga mdomo.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya dakika kumi na mbili, kutoka kwa Christiane, katibu wa idara ya manunuzi katika mgodi mmoja upande wa Kinsevere. Hakuwa na dhihaka, na hilo ndilo lililolifanya liume. Aliwashukuru kwa salamu, akauliza ni shule gani ambayo kampuni inaifadhili, na kama watoto walioandika barua wangependa kutumiwa madaftari. La pili lilitoka kwa mtu wa benki, nalo lilikuwa alama ya kuuliza tu. Saa tano kamili mtu alipiga picha skrini yake, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara ambalo Lombe mwenyewe alikuwa mwanachama, tena wa kamati. Chini yake wakaanza kumpongeza kwa kuhitimu maternelle.

Lombe alifungua barua kwenye iPhone yake. Ilikuwa nzuri. Akaifunga, akaifungua tena, ikawa nzuri tena. Akamwita mzee Précieux, ambaye alikuwa amerudi na nakala tatu zenye mihuri ya kupokea, na zote zilikuwa nzuri, mikia tele.

"Banasema bongo, uongo!" alifoka, akizipunga hewani na kuonyesha mihuri ya kupokea. "Ni jalousie, ni wivu! Si accusé de réception njo hii?"

Simu ya mezani ililia. Alikuwa Christiane, na sasa alikuwa ameambiwa na mkubwa wake apige. Lombe, kwa kutaka kila mtu asikie anavyoheshimiwa na migodi, aliweka simu kwenye spika.

"Papa Directeur, samahani," alisema Christiane. "Patron anauliza: muntu yenye alikuwa anatuma mikanda ya mbele, ya zamani, alitoka? Zile zilikuwa zinafika muzuri sana, siye tulikuwa tunazi-transférer vile vile. Hii ya leo, tunashindwa kuiweka mu dossier. Patron anasema labda baliba-pirater, mwizi aliingia mu machine yenu."

Kwenye kona karibu na choo Abigaïl alisikia kila neno. Kumbe walikuwa wanaziona. Miaka mitatu walikuwa wanaziona.

Hapo ndipo mkurugenzi aliposhuka ngazi mbili za heshima yake na kwenda kuinama mbele ya kompyuta ya keshia. Alikaa ameinama muda mrefu. Jina lake, Anaclet Lombe, Président-Directeur Général, lilikuwa limekaa chini ya barua kwa herufi za bata, na l zake zilikuwa nene kama vijiti vya ngoma. Alimgeukia Dan.

"C'est bizarre," alisema Dan. "Kwangu iko bien." Alikwenda kuleta Mac yake ili kuthibitisha. Hakuna aliyeitazama.

"Abi," alisema Lombe. "Ulijua."

"Nilikuambia, Papa. Ukaandika nitume."

"Rekebisha."

Abigaïl hakusimama. "Contrat," alisema.

Mkurugenzi alisema mambo mengi hapo. Alisema familia, alisema uaminifu, alisema Mungu anaona. Simu ikalia tena, na mkataba ambao kwa miaka mitatu haukuwa na wakati wa kuandikwa ukaandikwa kwa robo saa. Abigaïl aliusoma mstari kwa mstari. Cheo kiliandikwa: msaidizi wa mkuu wa mawasiliano, chini ya mamlaka ya Bwana Dan. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno yote ya cheo, akaandika juu yake: mtengenezaji wa barua na machapisho, chini ya mkurugenzi mwenyewe. Kisha akamsogezea karatasi, kwani kila mtu mjini anajua kwamba neno lililofutwa halina nguvu mpaka mkubwa atie saini ndogo pembeni.

"Dan ni ndugu ya bibi yangu, ya muke wangu," alisema Lombe kwa sauti ya chini. "Mu nyumba nitasema je?"

"Miye sijui, Papa. Hiyo haiko kazi yangu. Kazi yangu haina hata jina, unaona."

Lombe alimtazama Dan. Dan akaitazama Mac. Mkurugenzi alitia saini ndogo pembeni, saini kubwa chini, na muhuri.

Barua ya kurekebisha ilikuwa tayari tangu Desemba na ilihitaji mbofyo mmoja. Abigaïl alichukua dakika arobaini. Alifungua madirisha, akayafunga, akakunja uso, akapiga kibodi, akahema, akaomba chai. Watu wa namna ile, ukiwaonyesha kwamba kazi ni nyepesi kwako, watasema ni nyepesi kwa kila mtu. Dakika ya thelathini na tano Lombe alikuja kusimama nyuma yake.

"Nichapishe kwanza, Papa? Kwa cachet?"

"Tuma!" alisema Lombe, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Ilikwenda, na maneno mawili ya kuomba radhi juu yake. Ilifika na sura moja kwa wote mia sita na kumi, migodini, benki, kwenye kioo kilichopasuka cha mzee Précieux. Christiane alijibu kwa ufupi, bien reçu, yaani imefika vizuri. Hakuna mwingine aliyeandika kitu.

Jioni ile Abigaïl alimkuta mama yake, Mama Albertine, amekaa uani Katuba akichambua sombe, majani ya muhogo, kwenye beseni. Alimpa ile karatasi ya mkataba. Mama alipangusa mikono kwenye kitenge, akaisoma akisogeza midomo, akafika kwenye muhuri, akaugusa kwa kidole kuona kama ni wa kweli. Macho yakamlenga machozi. Miaka mitatu alikuwa akilipeleka jina la binti yake kwenye maombi ya Jumatano, mbele ya wamama ambao mabinti zao walikuwa na mikataba.

"Aksanti Yesu," alisema. "Na ulifanya nini ya muzuri, ndipo bakusainie?"

"Nilituma mukanda mubaya kwa bantu mia sita na kumi."

Mama alicheka, akampiga begani. "Weye na michezo yako. Sema kweli."

"Njo kweli, Mama. Nilijua iko mubaya, nikatuma. Ile ya muzuri nilikuwa nayo mu machine. Miaka tatu nilituma ya muzuri, hakuna muntu aliniandikia kintu."

Mama Albertine aliacha kucheka. Aliitazama karatasi tena, sasa akaona neno lililofutwa na saini ndogo pembeni yake, akaikunja polepole mara mbili. Furaha ilikuwa bado imo kifuani mwa Abigaïl, kubwa, ya kweli, na aliona haya juu yake, na kuona haya kukamtia hasira upya dhidi ya Lombe, ambaye hata siku ya kumpa haki yake alimfanya aipokee kwa mkono mchafu. Upande wa pili wa ukuta jirani walikuwa wameshasikia ile Aksanti Yesu na walikuwa wanauliza kuna nini.

"Nibaite?" aliuliza mama.

"Baite, Mama," alisema Abigaïl. "Ila usibaambie vile niliipata."